Nilianza na mota, ningeanza na ngazi

Nyumba ninayopanga ni ya ghorofa, ya zamani, katikati ya mji wa Tanga, na ngazi zake ni 19. Nimezihesabu kwa bega. Nilizipanda na baiskeli ya kukunja ikiwa tupu, kisha nikaja kuzipanda na baiskeli ya kukunja yenye mota na betri, na kati ya ile ya kwanza na hii ya sasa kuna tofauti ya kilo 8. Kwenye mizani kilo 8 si kitu. Kwenye ngazi ya 13, pale zinapokata kona na ukuta unakubana kiwiko, ni kama umebebeshwa mtoto wa miezi minane asiyetaka kubebwa.

Mgeni akifika Tanga hushangaa kuona mama mtu mzima na baibui lake anakatiza mjini kwa baiskeli, mkoba kwenye keria, anasalimia huku na huku. Sisi wenyewe hatuoni ajabu. Mji ni tambarare na barabara za Ngamiani zimepewa namba, huwezi kupotea. Kazi yangu ni kuandika hesabu za watu: maduka mawili Ngamiani, moja Makorora, moja Chumbageni, na nyumba ya wageni iliyoko Raskazone. Siku ya kuyazungukia yote napiga kama kilomita 18. Nilifanya hivyo miaka mingi bila kuwaza, mpaka goti la kulia likaanza kuuma kila nikianza kukanyaga pedeli kutoka kusimama. Daktari hakunikataza baiskeli. Alinikataza kulikamua goti.

Kwa nini ya kukunja? Kwanza, kwa sababu chini ya nyumba yetu niliwahi kuibiwa baiskeli nzima, na ya kawaida haipiti kwenye ile kona ya ngazi. Pili, mama yangu yuko Muheza, na kosta za Muheza hazina subira na mtu mwenye baiskeli ndefu. Ikikunjwa inaingia nyuma ya kiti cha mwisho. Na jambo la tatu, ambalo wanaume huwa hawalifikirii: baiskeli hizi fremu yake iko chini. Unapanda na dera lako bila kurusha mguu.

Nilikuwa nayo tayari moja, ya aluminiamu, mtumba wa Japani, kilo 12, nyepesi kama ungo. Kijana wa dada yangu anasomea umeme. Akaniambia, "Mamdogo, usihangaike kutafuta ya umeme iliyokamilika. Agiza mota tu, tuifunge kwenye hii hii." Nilipenda kusikia hivyo, maana ilionekana rahisi. Nikaagiza mota kabla hata sijaitazama baiskeli yangu vizuri. Hapo ndipo nilipopoteza hela.

Muuzaji aliuliza mambo mawili tu: gurudumu inchi ngapi, na mota ya mbele au ya nyuma. Nikajibu 20, mbele. Hilo la mbele sijalijutia. Nyuma kuna friwili, cheni na gia, na kwenye baiskeli hizi ndogo nafasi ni finyu. Mbele unatoa gurudumu zima, unaingiza jingine lenye mota katikati, umemaliza. Ya kwangu ni wati 250, volti 36, aina yenye gia ndani, ambayo ukizima umeme gurudumu linazunguka bure bila kukuvuta nyuma.

Watu huniuliza kama kigurudumu kidogo kinaweza kubeba mota. Kinaipenda. Chukua mota inayozunguka mara 260 kwa dakika: kwenye gurudumu la inchi 26 itakupeleka kama kilomita 32 kwa saa, kwenye inchi 20 itakupeleka kama 24. Mwendo umepungua, ila nguvu ya kuondokea imeongezeka, na goti langu linachotaka ni hiyo nguvu ya kuondokea. Kasi ya 32 kwenye barabara zenye bajaji, mbuzi na wanafunzi ningeipeleka wapi?

Gurudumu lilipofika nikalipeleka kwa fundi wangu, mzee anayekaa chini ya mkungu huko Ngamiani, ambaye amenifungia spoki tangu nikiwa binti. Shikamoo, marahaba, akalifungua boksi, akaligeuzageuza. Halafu hakusema neno. Aliliweka chini, akalifungua gurudumu langu la mbele, akayasimamisha yote mawili pamoja ukutani. Langu lilikuwa refu zaidi.

"Mwanangu, hizi ni mbili tofauti."

"Zote inchi 20, fundi."

Akatemea kitambaa mate, akafuta vumbi ubavuni mwa tairi langu, akaniambia nisome. Iliandikwa 37-451. Akafuta lile jipya: 47-406. Nilikuwa nimepanda baiskeli ile miaka mitatu bila kujua ina namba hiyo. Namba ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, zote kwa milimita. "Inchi 20" ni jina la ukoo tu. Ndani yake kuna watu wasiofanana. Magurudumu ya BMX za watoto, ambayo matairi yake unayapata duka lolote la spea hapa mjini, ni 406. Langu la Kijapani lilikuwa 451, na sasa nikaelewa kwa nini kila nikitafuta tairi nilikuwa naambiwa nije wiki ijayo.

Tofauti ya 45 kwenye kipenyo ni milimita 22 na nusu kila upande. Tukalifunga gurudumu jipya hivyo hivyo tuone. Fundi akabana breki, na mpira wa breki badala ya kushika ringi ukakaa ubavuni mwa tairi. Breki ya namna hiyo inatafuna tairi, na siku utakayoihitaji kweli haitakuwepo.

Kulikuwa na njia ya kutafuta ringi ya 451 yenye matundu 36 na spoki ndefu zaidi, kuisuka upya mota ndani yake. Sikuipata Tanga. Lakini kilichoimaliza kabisa baiskeli ile ni foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Fundi aliigonga kwa spana, ikatoa mlio wa sufuria. "Hii ni alminia. Mota itaipasua." Maelezo yake, ambayo kijana wa dada aliyakubali kwa shingo upande, ni haya: mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli yake nayo inataka kuzunguka kinyume ndani ya ule mwanya wa foku. Chuma kikizidiwa kitapinda kwanza, utaona. Aluminiamu inakatika bila kukuaga, na foku ikikatika unatangulia na meno.

Kwa hiyo nikaiuza ile nyepesi. Niliwahi kuinunua 230,000, nikapata 150,000, na mota iko ndani kwenye boksi inanitazama.

Kutafuta ya pili kulichukua miezi miwili, na safari hii nilikwenda na sumaku ya kwenye friji mfukoni. Sumaku ikinata kwenye foku, ni chuma. Nilikwenda na utepe wa fundi cherehani vilevile, kwa sababu mota nyingi za mbele zinataka foku yenye upana wa milimita 100 kati ya mguu na mguu. Kijana alikuwa amenionyesha picha za Brompton, ile ya Kiingereza inayokunjika ikawa kama begi la nguo. Nzuri, hakuna ubishi. Lakini foku yake ina upana wa milimita 74, inataka mota iliyotengenezwa kwa ajili yake, na tairi lake la inchi 16 ni la 349, wakati zile za watoto wetu wa inchi 16 ni 305. Baiskeli ya namna hiyo Tanga ungeisubiria tairi kama unavyosubiri meli.

Kitu kingine nilichojifunza kukagua ni bawaba, pale fremu inapokunjikia. Ifunge komeo lake, simama pembeni, shika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mwingine, uisukume kwenda na kurudi kama unachekecha unga. Ukisikia "kto, kto," iache hapo hapo hata kama rangi yake inang'aa. Mota haiponyi bawaba iliyolegea, inaimaliza. Hatimaye nikapata moja mbaya kwa sura, ya chuma, kilo 15, kutu kwenye keria, tairi 406 mbele na nyuma, bawaba kimya. Shilingi 160,000. Muuzaji aliona kama amenitapeli.

Kufunga mota kulikula asubuhi nzima na sehemu kubwa ilikuwa tupa. Ekseli ya mota ni ya milimita 12, imechongwa bapa pande mbili ikabaki 10, na ule mwanya wa foku ulikuwa haufiki hapo. Fundi aliusugua kwa tupa bapa, mara tano huku, mara tano kule, anajaribisha ekseli, anarudi. Kijana alitaka kutumia gurinda. Mzee hata hakumjibu. Ekseli ikaingia kwa kusukumwa na kiganja, haichezi, na hapo ndipo alipotabasamu.

Alitaka pia kuweka mkono wa kuizuia ekseli isizunguke. Mimi nikasema tutaweka wiki ijayo, chuma chenyewe si kinatosha? Wiki hiyo hiyo, natoka Raskazone, upepo wa bahari usoni, nikavuta akseleta yote nikiwa nimesimama. Nikasikia "ka!" na usukani ukatikisika. Nati ya kushoto ilikuwa imelegea, ekseli imejizungusha kidogo, na waya mnene unaotokea katikati ya ekseli umeanza kuchunwa ngozi. Zamu moja zaidi ungekatika, na waya huo ukikatika pale umeikata mota. Niliisukuma kwa miguu mpaka Ngamiani.

Fundi hakunisema. Alichukua spana yake namba 10, ya zamani, akaikata mpini kwa msumeno. Kichwa cha spana kikaishika ekseli kwenye zile pande bapa, na kile kipande cha mpini kikafungwa kwenye mguu wa foku kwa vile vibano vya mipira ya gesi, viwili. Ni mwaka na zaidi sasa, haijasogea hata unywele. Spana ile nilimlipa, akakataa hela ya kazi.

Betri ndiyo iliyonichelewesha kuliko yote. Niliuliza kama itakuja kwa ndege na mtu anayerudi safari, nikaambiwa sahau: abiria haruhusiwi betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 (ndicho kipimo cha umeme inaoubeba), na yangu ni 280. Ikaja kwa meli, polepole. Kijana hakuweza kungoja. Akakusanya seli 30 kutoka kwenye kompyuta za mkononi zilizokufa, akazilehemu kumi kumi kwa mafungu matatu, akazifunga kwa selotepu ya bluu. Alikuwa na fahari nayo. Ilinipeleka Makorora vizuri, ikanirudisha, na siku ya nne ikazima mbele ya uwanja wa Mkwakwani kama mtu aliyezimia. Seli zile zilikuwa zimezoea kulisha kompyuta taratibu. Mota inapoondoka inagida umeme kwa mkupuo, na fungu moja lililochoka linawaangusha wenzake. Nilipoishika ilikuwa ya moto upande mmoja tu. Nilimwambia aitoe nyumbani kwangu usiku ule ule, tukagombana, na mpaka leo anasema nilikuwa na haraka. Mimi nalala humo ndani, yeye halali.

Ile ya meli ilikuja Desemba. Kilo 2, ndani ya kimkoba kinachoning'inia mbele ya usukani na kuchomoka. Ikijaa inasoma volti 42, hiyo 36 ni ya katikati, usidhani chaja imekosea. Muuzaji aliandika itakwenda kilomita 40. Hakuandika upepo.

Jumapili moja ya Januari nikajaribu kwenda Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na yale makaburi ya nguzo, kwa barabara ya Pangani. Kwenda ilikuwa starehe. Kaskazi inanisukuma mgongoni, nakanyaga kidogo, mota inanong'ona, wenye baiskeli za kawaida nawapita nawapungia mkono. Nikakaa kwenye kivuli, nikala andazi langu. Kurudi, kaskazi ileile usoni. Taa za betri zikashuka kutoka nne hadi mbili kama mtu anahesabu. Nilipofika Mwambani ikakata. Haikufifia kama tochi, ilikata: ndani mna kidude kinachozilinda seli zisinyonywe hadi kufa, na kikiamua hakina huruma. Kutoka pale hadi mjini nilikanyaga baiskeli ya karibu kilo 20 kwa goti bovu, na wale niliowapungia mkono asubuhi wakanipita. Mmoja alinipungia.

Kwa hiyo hesabu yangu sasa ni wati-saa 10 kwa kilomita nikikanyaga kwa bidii na upepo ukiwa wa heshima, 15 nikiwa mvivu au kaskazi ikiwa kali. Kwa 280 ninapanga kilomita 18, siku yangu nzima ya kazi, na zinazobaki ni akiba isiyoguswa.

Wapangaji wenzangu nao walikuwa na hesabu yao. Luku ya nyumba tunachangia watu wanne, na jirani yangu wa mbele, mama wa vitumbua, alinisimamisha kwenye korido. "Dada, hiyo pikipiki yako inakula uniti ngapi?" Swali halali. Tukachagua mchana ambao wengine hawapo, tukazima kila kitu, tukaandika namba ya kwenye luku, nikachomeka chaja betri ikiwa imeisha. Baada ya saa nne na ushee taa ya chaja ikawa kijani. Zilikuwa zimetumika uniti 0.33. Uniti moja inanichaji mara tatu. Akacheka, akasema pasi ya mume wake ni mbaya zaidi. Nachaji hapo hapo kwenye sakafu ya saruji, nikiwa macho, wala siiweki kitandani, na nikitoka juani naiacha ipoe kwanza.

Ajali iliyonitisha kuliko ya Raskazone ilitokea nikiwa nimesimama. Baiskeli ya kukunja ina sehemu mbili zinazojikunja, fremu na nguzo ya usukani, na nyaya zote zinapita hapo. Sisi tulizifunga zikiwa nadhifu, zimebana, kwa vipande vya plastiki. Kila nikikunja, waya wa akseleta ulikuwa unabanwa kwenye ungio la usukani. Ni waya mwembamba wenye nyuzi tatu, nyekundu, nyeusi na kijani. Nyekundu inaleta volti 5, kijani inapeleka taarifa umevuta kiasi gani. Siku moja, chini ya ngazi, nimeshaikunja nusu, ngozi ya nyuzi hizo ikaachia, nyekundu ikagusa kijani, na kontrola, kile kisanduku kinachoiamuru mota, ikaelewa kwamba nimevuta akseleta mpaka mwisho. Gurudumu likaruka. Kanzu ya mpangaji mwenzangu iliyokuwa kwenye kamba ikaingia kwenye spoki, na kusema kweli kanzu ndiyo iliyolisimamisha. Nilimnunulia nyingine.

Siku hizi nyaya zangu zina mikunjo mikubwa iliyolegea, inaonekana ovyo, na sikunji chochote kabla sijachomoa betri. Waya wa mota nao nimeuacha ushuke chini kwanza ndipo upande kuingia kwenye ekseli, ili maji ya masika yadondokee pale kwenye kona badala ya kufuata waya mpaka ndani. Kwenye viungio napaka vaselini. Chumvi ya hapa inakula hata kisichokuwa chuma.

Basi nikaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, akaining'iniza kwenye mizani yake: kilo 20 na betri yake, 18 bila betri. Zile ngazi nilizipanda nayo wiki mbili. Baiskeli niliyoinunua kwa sababu inabebeka ilikuwa imeacha kubebeka, na hakuna spana ya kurekebisha hilo. Mama wa vitumbua ana kistoo chake cha mkaa chini ya ngazi, chenye kufuli. Baiskeli inalala humo, imekunjwa, imefunikwa gunia. Mimi namwandikia hesabu zake za vitumbua kila Ijumaa, na napanda ngazi 19 na kimkoba cha betri peke yake.

Muheza bado naenda nayo. Konda wa kosta alipoinyanyua mara ya kwanza aliishia njiani, akaniangalia. "Mama, umeficha mawe humu?" Sasa ameshaizoea. Juzi nilimsikia akimwelekeza kijana mpya: shika upande wa gurudumu la mbele kwanza, ndiko kuna mzigo.